Trela la Palmer na Ione

Ione alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja alipouona ule mto mkubwa wa magharibi, mpana kuliko shamba zima la baba yake, na hakupata hata nafasi ya kuutazama vizuri. Alishuka kwenye gari moshi asubuhi pamoja na binamu yake Borghild, kila mmoja na sanduku lake lililofungwa kwa kamba, na kabla jua halijatua wote wawili walikuwa wameshaandikishwa kazi kwenye kiwanda cha kuunda meli. Ulikuwa wakati wa vita. Vijana wa kiume wa North Dakota walikuwa ng'ambo, ngano ilikuwa imeshavunwa, na redio ilikuwa ikisema kila jioni kwamba wanatakiwa wanawake wenye mikono imara. Ione alikuwa nayo hiyo mikono. Alianza kukamua ng'ombe kabla hajaanza shule.

Kazi waliyompa ilikuwa ya kuchomelea vyuma. Alipangwa na mwanamke mmoja wa Arkansas, Odessa Pruitt, aliyemzidi kwa miaka kama kumi, mnene, mwenye sauti nzito ya kuimbia kanisani. Siku ya kwanza Ione aliwasha mwali akaukodolea macho nyuma ya kioo cheusi cha barakoa mpaka mkono ukasahau kazi yake.

"Usiutazame moto, mdogo wangu," Odessa alimwambia. "Moto una maringo, unataka utazamwe. Wewe tazama kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake. Kidimbwi ndicho kinachoshona."

Maneno hayo yalimwingia. Haukupita muda mrefu akawa analala chali ndani ya tumbo la meli, mahali ambapo hata paka angeona tabu kujigeuza, akishona juu ya kichwa chake huku cheche zikimdondokea shingoni. Mshono wake ulitoka laini, umejipanga kama magamba ya samaki. Wakaguzi walipokuwa na pembe mbaya isiyofikika walikuwa wakiuliza, yule binti wa North Dakota yuko wapi. Baadaye maishani, wenzake walipokumbuka ujana wao, walikumbuka dansi na nguo za hariri. Ione alikumbuka harufu ya ngozi iliyoungua, kahawa ya saa nne katika vikombe vya bati, na Odessa akiimba ndani ya meli tupu mpaka chuma chenyewe kinaitikia.

Vita ilipokwisha, ving'ora vililia, watu wakakumbatiana barabarani wasiojuana, na muda si muda wanawake wakashukuriwa na kuambiwa waende nyumbani. Ione alifunga koti lake la ngozi, glavu na barakoa yake ya kuchomelea, akavitia chini kabisa ya sanduku. Yeye na Odessa waliandikiana kadi kila Krismasi, hadi mwaka mmoja kadi ya Arkansas haikuja.

Mwaka mmoja baada ya vita aliolewa na Palmer Tveit, kijana wa shamba la jirani aliyekuwa amerudi kutoka vitani Ulaya. Palmer alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache anayecheka kwa macho. Walifungia ndoa katika kanisa la Kilutheri, kisha watu wakateremka chumba cha chini kunywa kahawa. Palmer alitaka kumhudumia shangazi yake Gunda kwa mkono wake mwenyewe. Alipoinamisha birika, mdomo wa birika ukaanza kugonga ukingo wa kikombe, tik tik tik, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Aliliweka birika mezani, akatia mikono mfukoni, akatabasamu. Shangazi Gunda aliendelea kuongea habari za mvua. Ione aliona.

Hakusema kitu. Naye Palmer hakusema kitu. Wakahamia shambani, na ukimya ule ukahamia nao.

Umeme ulipofika mashambani, baada ya taa na jokofu, kitu cha kwanza alichonunua Palmer kilikuwa mashine ya kuchomelea. Alifurahi nayo kama mtoto. Ione akiosha vyombo alikuwa akiona mwanga wa samawati ukirukaruka kwenye madirisha ya banda la mashine, na mkono wake wa kulia ukifuata mshono usiokuwapo ndani ya maji ya sabuni, wenyewe, bila kutumwa. Palmer alijua kwamba mkewe aliwahi kufanya kazi kiwandani. Lakini Ione alikuwa amesema tu, "Tulikuwa tunaungaunga vyuma," na katika nchi ile watu hawachunguzani sana. Palmer alidhani alikuwa akifagia na kubeba.

Jioni moja Palmer aliingia jikoni na bawaba ya lango aliyoichomelea, bado ina joto, akaiweka juu ya gazeti ili mkewe aione. Mshono ulikuwa na mabonge na mashimo, kama vile kuku amelala juu yake usiku kucha. Ione aliutazama, kisha akamtazama mumewe usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyepata angalau kitu kimoja duniani ambacho mikono yake inakiweza.

"Imeshika," Ione alisema.

Na kweli ilishika, siku chache. Ilipokatika, Palmer aliirudia. Basi ikawa hivyo kwa karibu miaka thelathini: Palmer akichomelea, vitu vikikatika, Palmer akivirudia, na Ione akiosha vyombo.

* * *

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1976, binti yao wa pekee, Karna, alipata kazi ya kufundisha muziki Montana, na huko huko alikuwa amepata mchumba. Palmer alitangaza mezani kwamba Karna hataondoka mikono mitupu. Ataondoka na kinanda cha bibi yake, kile cha kukanyaga kwa miguu, cha mbao nzito za mwaloni, ambacho mama yake Palmer alikipigia nyimbo za kanisa mpaka vidole vikamkataa. Karna alisema kinanda kinaweza kubaki. Palmer alisema hakibaki. Atakiundia trela.

Wakulima wa kule hawanunui kitu ambacho kinaweza kuokotwa nyuma ya nyumba. Palmer aliingia kwenye msitu mdogo wa kuzuia upepo, ambako kila shamba huzika mashine zake zilizokufa, akatoka na ekseli na springi za gari la zamani lililokuwa limeota nyasi mpaka kwenye usukani. Vyuma vya fremu alivitoa kwenye reki kuukuu ya majani. Alipima, alikata, alichomelea, na mwisho wa mwezi wa nne trela lilikuwa limesimama, bovubovu lakini limesimama.

Ili kulijaribu alilipakia mawe. Mawe ni zao lisilokosa katika nchi ile. Kila mwaka baridi ikiachia, ardhi hutapika mengine mapya. Palmer alilifunga trela nyuma ya pikapu, akaingia barabara ya changarawe, akapandisha mwendo. Kwenye tuta la reli, ulimi wa trela, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, ulikatika pale ulipoungana na fremu. Pikapu iliendelea na safari yake na trela likashika njia yake. Liliteremka mtaroni, likapita katikati ya ua wa Selmer Aasen kana kwamba limealikwa, likaenda kusimama katikati ya mitamba yake.

Selmer alikuwa jirani yao wa kaskazini, mtu mfupi mwenye tumbo, asiyeweza kuona jambo akaliacha lipite bila kulitia chumvi. Kesho yake katika mgahawa wa mjini alisema mbele za watu, "Nilijua Palmer ni mkarimu, lakini kuletewa mawe mpaka kitandani kwa ng'ombe, huo ni ukarimu uliopitiliza." Watu walicheka. Palmer naye alicheka, akamaliza kahawa yake, akarudi nyumbani, akalivuta trela kwa trekta mpaka bandani na kufunga mlango.

Siku kadhaa hakuugusa mlango ule. Mezani alisema pengine wakodishe lori. Alisema huku ameificha mikono chini ya meza.

Asubuhi moja Palmer alipokwenda mjini kutafuta bolti, Ione aliingia bandani. Aliinama pale ulimi ulipokatikia, akapitisha kidole. Aliona alichokuwa akikijua tangu zamani: chuma cha kijiti cha kuchomelea hakikuwa kimeingia ndani. Kilikuwa kimekaa juu juu, kama siagi juu ya mkate wa baridi. Alisimama kidogo amejishika kiuno. Kisha alirudi nyumbani, akapanda darini, akalifungua lile sanduku.

Koti la ngozi lilikataa kufunga vifungo. Glavu zilikuwa zimekakamaa. Alizikunjakunja mpaka zikakubali. Bandani alichagua vipande vibovu vya chuma, akaipangia mashine moto aliodhani unafaa, akashusha barakoa. Kijiti cha kwanza kiliganda. Cha pili kilitoa kitu cha aibu. Alivuta pumzi, akaegemeza kiwiko ubavuni kama zamani, akatafuta kile kidimbwi. Alipokipata, sauti ilibadilika. Ikaacha kukohoa, ikaanza kuungurama vizuri, kama nyama ya mafuta inayokaangwa kwa moto wa wastani. Machozi yalimtoka humo ndani ya barakoa na hakuweza kuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa kazini.

Alipofika mwisho wa mshono na kuinua barakoa, Palmer alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi na pakiti ya bolti kwapani.

Aliingia, akachukua nyundo ndogo, akagonga lile gamba jeusi linaloufunika mshono. Lilibanduka lote kwa mkupuo mmoja, likaanguka sakafuni zima zima. Chini yake chuma kiling'aa, magamba ya samaki moja baada ya jingine. Palmer aliinama akautazama muda mrefu.

"Hiki ndicho mlichokuwa mkifanya kule," alisema.

"Ndiyo."

"Ulisema mlikuwa mnaungaunga."

"Si tulikuwa tunaunga, Palmer? Meli ni vipande vingi."

Palmer alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake. "Miaka yote hii unapita kwenye lile lango langu na kunyamaza."

"Lango lilikuwa linafunga."

"Lilikuwa linafunga kwa waya, Ione."

Wote wawili walicheka, na kwa dakika moja mambo yakawa mepesi. Kisha Palmer akauliza, mbona leo. Ione akajibu kwamba kinanda ni kizito na barabara ya Montana ni ndefu. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na Palmer aliisikia ile nusu iliyobaki. Aliondoka akaenda shambani, na saa ya kahawa ilipofika hakurudi. Si jambo dogo mtu kugundua kwamba kwa miaka thelathini amekuwa akionewa huruma ndani ya nyumba yake, hata kama huruma yenyewe ilikuwa ya mapenzi. Ione alikaa na mabirika mawili, la moto na lililopoa, akajiuliza kama amefanya vibaya.

Asubuhi alimkuta bandani kabla yake. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na chaki mkononi, amechora trela jipya juu ya saruji kwa ukubwa wake wote. Safari hii ulimi haukuwa kipande kimoja kilichobandikwa mbele. Ulikuwa vyuma viwili vinavyotoka mbali chini ya fremu na kukutana mbele kama mikono ya mtu anayesali. Mistari ilikuwa imetetemeka kidogo, lakini vipimo vilikuwa sawasawa.

"Mimi nitakata na kupima," alisema bila kuinua uso. "Wewe shona."

* * *

Siku zile ndizo Ione alizozikumbuka zaidi kuliko zote za ndoa yao. Milango ya banda ilikuwa wazi pande zote mbili, upepo ukiingia na harufu ya udongo mbichi. Palmer alikuwa fundi wa kupima ambaye Ione hakuwa amemjua. Alikuwa akivuta kamba kutoka pembe hadi pembe ya fremu, kisha pembe zile nyingine, na urefu ukitofautiana hata kwa unene wa ukucha alikuwa akigonga tena kwa nyundo mpaka ulingane. Ndipo Ione alipopachika vidonda vidogo vya moto, mishono mifupi ya kushikiza, kila pembe, wakapima tena, kwa maana moto huvuta chuma kuelekea upande wake. Baada ya hapo alishona. Palmer alishika, aligeuza, alisogeza taa. Hawakuongea sana. Saa sita walikula viazi na nyama iliyobaki, wakanywa kahawa, wakarudi.

Waligombana mara moja tu, kuhusu madigadi, vile vifuniko vya juu ya matairi. Palmer alitaka kununua zile za bati jepesi zinazouzwa dukani tayari. Ione alikataa.

"Madigadi ambayo mtu hawezi kuikanyaga ni pambo," alisema.

"Tunabeba kinanda, Ione. Hatubebi watu."

"Leo."

Palmer alishusha pumzi, akatoka nje. Ione alimfuata mpaka kwenye ule msitu mdogo. Huko kulikuwa na trekta la baba yake Palmer, la enzi za magurudumu ya chuma, na mlilaki, kichaka cha maua, ulikuwa umepenya katikati ya vyuma vya gurudumu la mbele na kuchanua. Mzingo wa gurudumu ulikuwa wa chuma kinene, mpana kuliko tairi la trela, na ukiukata katikati ungepata nusu duara mbili, moja kwa kila upande. Wote waliliona jambo hilo kwa wakati mmoja. Palmer aliweka mkono juu ya gurudumu. Baba yake alilima na trekta lile katika miaka ya ukame na vumbi, wakati majirani wanafungasha na kuondoka. Palmer alisema alikuwa akimpelekea chakula pale shambani, na kwamba mzee alikuwa akiketi kivulini mwa gurudumu hilo hilo kula.

Ione akasema basi waache, watanunua za bati.

"Aa," Palmer alisema. "Mzee hakupenda kitu kikae bure." Akaenda mwenyewe kuleta mtungi wa gesi na moto wa kukatia.

Madigadi zikatoka nzito na nyeusi, zimefungwa kwa miguu mitatu mitatu kila moja, na Ione alizishona juu na chini, ndani na nje, mahali pa kuonekana na mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Alikuwa anamalizia ya kushoto, amejikunja chini ya trela, barakoa usoni, wakati Selmer Aasen alipoingia bandani. Palmer alikuwa ameinama upande wa pili, haonekani. Selmer alipita akikagua ulimi mpya, akapapasa mishono na kupiga mluzi.

"Palmer, bwana," alisema, "hatimaye umejifunza. Huu mshono hata mama yangu angeuvaa kanisani."

Barakoa ikainuka, na uso wa Ione ukatokea, mwekundu kwa joto. Upande wa pili Palmer naye akainuka, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Mimi nimekata tu," Palmer alisema. "Fundi ni mke wangu. Alikuwa akishona meli wakati wewe na mimi tunajifunza kunyoa ndevu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya shayiri. Lakini Ione alijua kwamba kabla ya jua kuzama maneno yale yatakuwa yamefika mgahawani, yamepita kanisani, yamevuka reli, na kwamba Palmer naye alijua hivyo na ndiyo sababu alimwambia Selmer. Selmer alivua kofia yake, akaikunja, akaifungua. Mwishowe akasema ana jembe limepasuka shingo, na kama shemeji hatajali, angelileta kesho.

Baada ya jembe la Selmer likaja lango la kanisa, kisha pembea za shule, kisha vitu vya watu ambao Ione hakuwa ameongea nao tangu arudi kutoka magharibi.

* * *

Waliondoka na kinanda mwezi wa saba. Karna na mchumba wake walitangulia na gari dogo. Palmer na Ione wakafuata na pikapu, trela nyuma, kinanda kimevishwa mablanketi na turubai kama bibi harusi wa majira ya baridi. Mchana upepo ulianza kusukuma kutoka ubavuni, ule upepo wa nyika usiokuwa na mti wa kuuzuia, na kila lori lililowapita lilitikisa msafara wao wote. Karibu na mpaka wa Montana, Palmer alisogea pembeni, akateremka, akaingia chini ya trela kwa mgongo. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na nyasi nyweleni.

"Hata unywele haupiti kwenye mishono," alisema.

Waliketi juu ya madigadi ya upande usio na upepo, wote wawili, magoti yakigusana, wakala mikate ya nyama baridi na vipande vya lefse, ule mkate mwembamba wa viazi, vilivyopakwa siagi na sukari. Palmer alifungua chupa ya kahawa akamimina. Kikombe kiligonga chupa, tik tik tik. Ione aligeuza macho kutazama malisho, kama alivyokuwa amefanya siku zote. Lakini safari hii Palmer hakukiweka chini kikombe. Aliuacha mkono utetemeke hadharani, kahawa ikimwagikia kiatu.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu birika la shangazi Gunda."

"Na ndiyo maana hukusema kuhusu kuchomelea."

"Ndiyo."

"Ungesema."

"Na wewe ungesema, Palmer."

Gari moja lilipita. Kisha Palmer alianza kuongea, akiwa anatazama mbele, kwa sauti ya chini hata Ione alilazimika kuinama kumsikia kwa ajili ya upepo. Alisimulia habari za msitu mmoja wa Ubelgiji wakati wa theluji, na wenzake wawili waliokuwa naye katika shimo moja, na jinsi mikono ilivyoanza kutetemeka asubuhi akadhani ni baridi, akangoja majira ya joto, majira ya joto yakaja. Hakusimulia yote. Wala hakurudia tena habari hizo maisha yake yote. Alipomaliza, Ione alichukua chupa mkononi mwake, akammiminia kahawa nusu kikombe, kiasi ambacho hakiwezi kumwagika. Tangu siku ile alikuwa akimmiminia nusu, kisha nusu nyingine, naye akipokea bila kuficha mkono.

Kinanda kilifika bila mkwaruzo. Jioni Karna alikipiga huku milango iko wazi, na Palmer akaimba ubeti mmoja kwa Kinorwe, lugha ya wazee wao, kwa sauti iliyokuwa na kutu.

Miaka iliyofuata trela lile lilibeba kila kitu kinachoweza kubebwa na binadamu wa kaunti moja. Lilibeba ndama, kuni, mahindi, mabomba ya kisima. Lilibeba choo cha zamani cha kanisa kilipong'olewa, na kwaya ya kanisa hilo hilo katika maandamano ya sikukuu ya uhuru, Julai Nne, watoto wamejipanga juu ya madigadi wakining'iniza miguu. Palmer alikuwa akiwatazama, akimwambia Ione, "Kumbe zinakanyagika." Watu walikuja kuliazima, wakamwazima mwingine, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa lilikuwa linarudi siku zote, na mara nyingine lilirudi na kapu la nyanya juu yake. Palmer alipofariki, mwishoni mwa msimu wa mavuno, lilikwenda kuleta viti vya ziada kutoka shule kwa sababu kanisa halikutosha. Ione aliviona vikishushwa. Alikaa kwenye gari la Karna, amevaa glavu nyeusi, akajikuta anafikiria vipimo vya kamba kutoka pembe hadi pembe, na wala hakuona haya.

Aliendelea kuchomelea mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu. Halafu alikubali kuuza shamba. Siku ya mnada uwanja ulijaa magari, na dalali alipita na kundi lake kutoka kitu hadi kitu: trekta, mashine ya kukamulia, mashine ya kuchomelea, ndoo za misumari. Alipofika mahali trela lilipotakiwa kuwa, hapakuwa na kitu ila nyasi za njano. Dalali aliuliza liko wapi. Mtu akasema alikuwa nalo Aasen. Selmer, sasa mzee wa mkongojo, akasema yeye alimpa mkwewe. Mkwewe akasema alimpa jamaa wa kuezeka mapaa. Jamaa wa kuezeka hakuwapo. Watu walianza kuinamia viatu vyao kwa aibu, lakini Ione alicheka mpaka Karna akaja kumshika bega.

"Pita," alimwambia dalali. "Hilo haliuzwi. Liko kazini."

Alihamia mjini, chumba cha chini katika nyumba za wazee, karibu na maghala ya nafaka. Aliishi hapo miaka mingi kuliko alivyotarajia. Mchana mmoja wa majira ya kuchipua alikuwa ameketi nje na sweta yake aliposikia minyororo ikilia barabarani, akaona pikapu ya bluu imeegeshwa mbele ya nyumba ya pili. Mwanamke kijana, mgeni kwake, alikuwa anahangaika kulegeza kamba za jokofu. Nyuma ya pikapu lilikuwa trela, limepakwa rangi ya kijani ambayo Ione hakuijua, juu ya nyekundu ambayo pia hakuijua. Madigadi hazikuwa na shaka.

Alivuka nyasi polepole, akaweka kiganja juu ya ile ya kushoto. Ilikuwa na joto la jua. Alipitisha vidole chini yake, pale pasipofikiwa na jicho, akayahesabu magamba kwa kugusa.

"Shikamoo, mama," yule mwanamke alisema, akidhani mzee huyu amepotea. "Unatafuta mtu?"

"Marahaba. Ninatazama tu. Ni lako?"

"Wala. Nimeazimwa na mtu kazini, naye ameazimwa. Ukweli ni kwamba sijui nikimaliza nimrudishie nani."

Ione aliondoa mkono, akajifuta vumbi kwenye sweta.

"Usimrudishie mtu," alisema. "Mpe anayefuata kuomba."

Kisha akashika upande mmoja wa kamba, kwa kuwa fundo lilikuwa limekaza na yule mwanamke alikuwa analivuta kinyume, akamwonyesha linakofungukia.